Kutoka Gunia hadi Shamba: Historia ya Uthibitisho wa Asili ya Kahawa ya Uganda na Mushkili wa Istilahi

Utangulizi

Tarehe 29 Juni 2023 Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2023/1115 ilianza kuwa na nguvu ya sheria. Kanuni hiyo inahusu ng'ombe, kakao, kahawa, michikichi, mpira, soya na miti, pamoja na bidhaa zitokanazo na hivyo. Anayeingiza bidhaa hizo katika soko la Ulaya anatakiwa kuthibitisha mambo mawili ya msingi: kwamba ardhi iliyozizalisha haikuwa msitu uliogeuzwa kuwa shamba baada ya tarehe 31 Desemba 2020, na kwamba zimezalishwa kwa kufuata sheria za nchi zilikotoka. Utekelezaji wake, uliokusudiwa kuanza mwishoni mwa mwaka 2024, uliahirishwa kwa mwaka mmoja, kisha ukaahirishwa tena.

Kwa Uganda, ambayo huuza zaidi ya nusu ya kahawa yake barani Ulaya, jambo hili si dogo. Mjadala mwingi umejikita katika gharama na muda. Makala hii inaangalia upande mwingine, nao ni historia ya ushahidi wenyewe. Je, zamani mnunuzi wa ng'ambo alitaka kujua nini kuhusu kahawa ya Uganda, na alijibiwa kwa lugha gani? Hoja yetu ni kwamba kwa muda mrefu ushahidi ulihusu gunia, na sasa umehamishiwa kwenye shamba; lakini maneno yanayotumika kulieleza shamba hilo hayajawahi kupimwa kwa kazi hii mpya.

Karatasi ya gunia

Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa wa mwaka 1962 uliipa kila nchi mzalishaji mgawo wa kiasi ilichoruhusiwa kuuza katika nchi wanachama. Ili mgawo uheshimiwe, kila shehena ilipaswa kuambatana na cheti cha asili. Cheti hicho kilijibu swali moja tu: kahawa hii imetoka nchi gani? Hakikuuliza imetoka kilima gani, wala ni nani aliyeichuma.

Udhaifu wake ulionekana mapema. Kahawa iliyouzwa kwa bei nafuu katika nchi zisizo wanachama ilianza kurudi kwa mlango wa nyuma katika masoko yenye mgawo. Wafanyabiashara waliiita kahawa ya kitalii, jina la dhihaka ambalo kwa maoni yangu linaeleza vizuri kuliko ripoti nyingi. Shirika la Kimataifa la Kahawa, lenye makao yake London, likaimarisha ukaguzi kwa stempu maalumu za kubandikwa kwenye vyeti. Mfumo wa migawo uliporomoka Julai 1989.

Nchini Uganda karatasi hizo ziliendana na mfumo wa ndani wa mnunuzi mmoja. Bodi ya Kuuza Kahawa ilikuwa na ukiritimba wa mauzo ya nje hadi mwaka 1991, ilipoundwa Mamlaka ya Maendeleo ya Kahawa na soko kufunguliwa kwa wauzaji binafsi. Bodi ikisema kahawa ni ya Uganda, basi ni ya Uganda. Neno la dola lilikuwa ndilo ushahidi.

Magendo

Neno hilo la dola liliwahi kukosa thamani kabisa. Julai 1975 baridi kali iliteketeza mibuni ya kusini mwa Brazili, na bei ya kahawa duniani ikapanda hadi kilele chake mwaka 1977. Mkulima wa Uganda alilipwa na Bodi sehemu ndogo tu ya bei hiyo, tena kwa fedha iliyokuwa ikipoteza thamani. Kahawa ikavuka mpaka. Soko la Chepkube, upande wa Kenya chini ya Mlima Elgon, lilipata umaarufu ambao haujasahaulika hadi leo katika eneo hilo. Utawala wa Idi Amin ulikuwa umeunda mahakama maalumu ya makosa ya kiuchumi mwaka 1975, na adhabu zake zilifikia kifo, lakini magunia hayakukoma kuvuka.

Kwa mtafiti wa lugha, kipindi hiki kina jambo la kuvutia. Waganda wengi, ambao kwa sababu za kihistoria walikitilia Kiswahili shaka kama lugha ya askari, walikikopa hichohicho walipotaka kuutaja uchumi mpya. Biashara iliitwa magendo. Waliotajirika kutokana na mali zilizoachwa na Waasia waliofukuzwa mwaka 1972 waliitwa mafutamingi. Mwanasayansi wa siasa Nelson Kasfir alilitumia neno magendo katika anwani ya makala yake ya mwaka 1983, likaingia katika taaluma bila kutafsiriwa. Hivyo basi, si sahihi kudai kwamba Kiswahili ni kigeni katika historia ya kahawa ya Uganda. Kilikuwepo, ila kilishika upande wa pili wa cheti.

Tena neno hilo lilibeba hukumu isiyo thabiti. Kwa serikali, magendo yalikuwa uhaini wa kiuchumi. Kwa kaya iliyohitaji sabuni na chumvi, yalikuwa riziki. Pengo hilo kati ya halali ya sheria na halali ya watu ndilo linalorudi leo katika kanuni ya Ulaya.

Shamba la nani?

Kanuni haidai hati miliki kwa kila mkulima. Inarejea sheria za nchi ya uzalishaji, zikiwemo za haki ya kutumia ardhi. Urejeo huo unaonekana wa heshima, lakini unaibebesha kahawa historia nzima ya ardhi ya Buganda. Mkataba wa mwaka 1900 uligawa ardhi ya mailo kwa Kabaka, machifu na watu mashuhuri, na wakulima wengi wakabaki wapangaji katika vibanja. Sheria ya mwaka 1928 iliwapa kinga. Amri ya mwaka 1975 ilitangaza ardhi yote kuwa ya umma na kuiondoa kinga hiyo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 ikarudisha ulinzi, hata kwa aliyekaa bila kupingwa kwa miaka 12 au zaidi kabla ya Katiba ya 1995. Mbuni huweza kuishi miongo kadhaa. Mti mmoja unaweza kuwa umepitia hadhi tatu za kisheria bila kusogea hata hatua moja.

Mabira ni mfano mchungu zaidi. Katika miaka ya 1970, wakati serikali ikihimiza uzalishaji maradufu, watu waliingia kulima ndani ya hifadhi hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 waliondolewa. Mwaka 2007 serikali ileile iliyowaondoa ilipendekeza kuikabidhi sehemu ya msitu huo, takriban hekta 7,000, kwa kilimo cha miwa, na maandamano ya Kampala ya mwezi Aprili yakagharimu maisha. Sitaki kudai kwamba uvamizi wa hifadhi uhalalishwe. Nasema tu kwamba neno halali, katika ukanda huu, limekuwa na tarehe.

Nukta, kiboko na msitu

Ushahidi mpya ni nukta. Shamba lisilozidi hekta 4 huweza kuonyeshwa kwa nukta moja ya longitudo na latitudo. Linalozidi hapo huchorewa mipaka yote. Takwimu za sekta hutaja kaya zinazokaribia milioni 1.8 zinazolima kahawa, nyingi zikiwa na vishamba vidogo ambamo mibuni imechanganyika na migomba. Mkulima huuza kahawa iliyokaushwa na maganda yake, inayoitwa kiboko, kwa mnunuzi mdogo anayepita kwa baiskeli au pikipiki. Huyu huichanganya na ya jirani, na kinu huchanganya zaidi. Gunia moja la kilo 60 linaweza kubeba kahawa ya kaya nyingi, na kanuni hairuhusu kahawa yenye asili inayojulikana ichanganywe na isiyojulikana. Mamlaka ya Kahawa ilianza kuwasajili wakulima mwaka 2024. Mwishoni mwa mwaka huohuo mamlaka yenyewe ilivunjwa na kazi zake kurudishwa wizarani.

Usajili ni mazungumzo kabla ya kuwa ramani, na hapa istilahi inauma. Kwa mujibu wa kanuni, msitu ni ardhi inayozidi nusu hekta, yenye miti inayozidi mita 5 na matawi yanayofunika zaidi ya asilimia 10, isipokuwa ardhi inayotumika hasa kwa kilimo au makazi. Mzungumzaji wa Kiswahili hafikirii hivyo: msitu kwake ni mahali pa giza na miti iliyosongamana, na ardhi yenye miti michache ataiita pori au nyika. Kwa upande mwingine, setelaiti huona kilele cha mti tu. Shamba la kahawa lililo chini ya mivule na mituba huweza kuonekana kama msitu kwenye ramani, na ramani ya mwaka 2020 iliyoandaliwa na kituo cha utafiti cha Umoja wa Ulaya imelaumiwa kwa kosa hilohilo.

Kosa letu wenyewe ni kubwa zaidi. Vyombo vya habari, na hata baadhi yetu wanaisimu, tumezoea kuitaja kanuni hii kuwa inapiga marufuku "ukataji miti". Haipigi marufuku hivyo. Inachokikataa ni kugeuza msitu kuwa ardhi ya kilimo, jambo ambalo napendekeza liitwe ugeuzaji wa msitu, kwa kuwa ufyekaji nao huchanganywa na usafishaji wa shamba. Anayeona tofauti hii kuwa ya kimaneno tu na afikirie fomu mbili za usajili. Moja inauliza: "Je, ulikata miti baada ya mwaka 2020?" Nyingine inauliza: "Je, shamba hili lilikuwa msitu tarehe 31 Desemba 2020?" Mkulima aliyeangusha mivule miwili mwaka 2022 ili kupunguza kivuli juu ya mibuni aliyorithi kwa baba yake atajibu ndiyo kwa swali la kwanza na hapana kwa la pili, na yote mawili yatakuwa kweli.