Mafundi wa Mvuke na Habari ya Mkono wa Shaba

Mwezi wa Aprili mwaka 1987, gazeti la Kimarekani liitwalo Locus, ambalo huandika habari za hadithi za kubuni za kisayansi, lilipiga chapa barua fupi ya mwandishi K. W. Jeter. Jeter alikuwa na rafiki wawili, Tim Powers na James Blaylock, waliojuana naye tangu ujana wao huko California ya kusini. Wote watatu walikuwa wamekwisha tunga hadithi juu ya Uingereza ya karne ya 19, wakiieleza si kama ilivyokuwa bali kama ambavyo ingaliweza kuwa. Jeter alitoa Morlock Night mwaka 1979, Powers akatoa The Anubis Gates mwaka 1983, na Blaylock akatoa Homunculus mwaka 1986. Nusu kwa mzaha, Jeter alipendekeza aina hii ya hadithi ipewe jina linalounganisha neno la mvuke na neno la Kiingereza waitwalo kwalo vijana wakaidi. Kwa matamshi yetu jina hilo ni stimupanki. Mzaha ule umekuwa jina la sanaa nzima, yenye waandishi wake, wachoraji wake, washonaji wake na wafua chuma wake.

Kuna kitabu kimoja ambacho wanaoisimulia habari hii hukipita mbio, nacho ndicho kilichowapa rafiki hao London yao. Katikati ya karne ya 19 mwandishi wa magazeti Henry Mayhew alizunguka mitaa ya mji ule akihoji maskini: wauza samaki, wafagia njia, watoto waliookota makaa na misumari katika matope ya mto Thames maji yakupwapo, na wanaume walioingia katika mifereji ya maji machafu kutafuta chochote kiwezacho kuuzwa. Aliandika maneno yao, mapato yao na hata vyakula vyao. Basi stimupanki ilitoka katika matope hayo kabla haijavaa kofia ndefu na saa ya mnyororo. Yafaa tulishike jambo hilo, maana wengi waliokuja nyuma walipenda kofia wakayaacha matope.

Kutoka kwa waandishi sanaa ilihamia katika karakana, na sababu yake si ngumu kuielewa. Mtu akiifungua simu ya siku hizi haoni kitu kikienda. Mashine ya mvuke haifichi kazi yake: moto unachemsha maji, mvuke unasukuma pistoni, pistoni inasukuma fimbo, fimbo inazungusha gurudumu, na aliyesimama karibu anaona kila hatua. Mafundi waliochoshwa na vyombo visivyosomeka walianza kuzivika kompyuta zao shaba, mbao na ngozi, wakapiga ribiti mahali ambapo kiwanda kingalitia gundi. Mwaka 2009 jumba la makumbusho ya historia ya sayansi la Oxford lilifungua maonyesho ya kazi za namna hii, nazo zikawekwa katika nyumba moja na vipimo vya kale vya wanajimu, ambavyo navyo ni vya shaba. Lakini si kila kazi ya aina hii ni kazi. Gurudumu lenye meno lililobandikwa juu ya kofia, lisilozungusha kitu, halina zaidi ya kifungo, na masoko yamejaa magurudumu hayo.

Ukitaka kuona fundi aliyefika mbali, nenda Nantes, Ufaransa. Viwanda vya kuunda meli vya mji huo vilifungwa mwaka 1987, mwaka ule ule wa barua ya Jeter. Miaka 20 baadaye, katika majengo yale yale, François Delaroziere na Pierre Orefice walifungua Machines de l'île. Humo mna ndovu wa chuma na mbao mwenye urefu wa mita 12 kwenda juu, abebaye watu wapatao 50, anayetembea polepole kuliko mtu na kuwarushia watazamaji maji kwa mkonga wake. Haendi kwa mvuke hata kidogo. Alianza kazi kwa injini ya dizeli. Hata hivyo viungo vyake vyote vi wazi, na hilo ndilo linalowafanya watoto wakae kimya wamtazamapo.

Ndovu huyo ana ukoo. Jules Verne, aliyezaliwa Nantes mwaka 1828, alitoa mwaka 1880 riwaya ya La Maison à vapeur, ambamo ndovu wa chuma aendaye kwa mvuke anavuta nyumba za magurudumu kupita Bara Hindi. Ndani ya nyumba hizo anakaa kanali wa Kiingereza pamoja na rafiki zake, na nje ni nchi ambayo maasi yake ya 1857 yalizimwa kwa damu nyingi. Msomaji anaalikwa kuitazama India kwa dirisha la kanali. Hali ni iyo hiyo katika riwaya yake ya kwanza ya safari, ya mwaka 1863, ambayo wasafiri wake wanapanda puto pande za Unguja na kuivuka Afrika hadi Senegal. Verne hakupata kufika Unguja. Bara letu analiona kutoka juu, na kutoka juu watu huwa wadogo sana.

Nantes yenyewe haikuweza kuangalia kutoka juu milele. Meli zake zilifanya safari zaidi ya 1,700 za biashara ya watumwa. Mwaka 2012, ng'ambo ya mto kutoka kwa ndovu, lilifunguliwa jumba la ukumbusho wa kukomeshwa kwa utumwa, na majina ya safari hizo yameandikwa katika vioo vilivyotiwa sakafuni mwa njia ya wapita kwa miguu. Mgeni aweza kuyaona yote mawili katika asubuhi moja, naye hajamjua ndovu vizuri mpaka amevuka mto.

Mwandishi aliyeuvuka mto huo kwa kalamu ni Nisi Shawl, Mmarekani mweusi, katika riwaya ya Everfair ya mwaka 2016. Mahali pake ni Kongo ya Mfalme Leopold II, dola iliyodumu tangu 1885 hata 1908, ambamo watu walilazimishwa kugema mpira, na askari walidaiwa mkono uliokatwa kwa kila risasi waliyoitumia. Mwaka 1904 mmisionari Alice Seeley Harris alipiga picha za ukatili huo, nazo zikazungushwa Ulaya na Marekani. Kamera nayo ilikuwa mashine ya karne ile ile. Katika riwaya, wajamaa wa Kiingereza na wamisionari weusi wa Marekani wananunua ardhi kwa Leopold, wanajenga makimbilio, na mafundi wao wanaunda ndege za puto na mikono ya kuwafaa waliokatwa. Mkono wa mashine umekuwa pambo linalopendwa mno na wapenzi wa sanaa hii, nao huvaliwa na watu wenye mikono yao miwili mizima. Shawl aliurudisha kwa mwenye haja nao.

Naye hakuishia hapo. Leopold anaposhindwa, Mfalme Mwenda, mwenye nchi ile kabla ya wote, anauliza swali ambalo ndege za puto haziwezi kulijibu: Leopold aliwauzia wageni ardhi ya nani?