Mitumbwi ya Kasensero

Sisi wa Ngara tukizungumzia 1994, huanza na Aprili 28: wakimbizi wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo ndani ya takriban saa 24, ikazaliwa kambi ya Benaco. Chini ya daraja hilo, Mto Kagera nao ulikuwa unapitisha watu.

Maji hayo hupita Kyaka, huvuka mpaka, kisha huingia Ziwa Victoria karibu na mwalo wa Kasensero, Uganda. Hapo wavuvi wa mitumbwi hutega nyavu zao. Mwaka ule waliikuta miili ya waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, iliyotupwa mtoni huko Rwanda. Walaji walisusa samaki, na riziki ya mwaloni ikakatika. Mitumbwi ile ile ikaopoa maiti. Leo Kasensero, Lambu na Ggolo kuna makaburi ya pamoja ya zaidi ya watu 10,000, wengi wao hawajulikani majina.

Kwetu kambi ilifungwa, wakimbizi wakarudi. Waliopita chini ya daraja hawakurudi. Naamini nao ni sehemu ya historia ya Ngara, na wavuvi waliowazika pia.