Castlevania: Katuni ya Dracula inayoanza na mama aliyeitwa mchawi

Kama unatafuta katuni ya watu wazima ya kumalizia wikendi, Castlevania usiipite. Ina vampaya, mapigano ya mijeledi na mapanga, na damu ya kutosha. Lakini kwa mtu wa Bariadi, Maswa au Meatu, kitakachomgusa kwanza huenda kisiwe vampaya. Ni sababu ya hasira za Dracula: mke wake kachomwa moto kwa tuhuma za uchawi.

Haya hapa mambo ya kujua kabla hujatumia bando lako.

Imetoka wapi?

Castlevania ilianza kama gemu. Kampuni ya Konami ya Japani ilitoa ya kwanza mwaka 1986. Katuni imechukua zaidi kisa cha gemu ya tatu, Castlevania III: Dracula's Curse, ya mwaka 1989. Mwandishi ni Warren Ellis wa Uingereza, na michoro ni ya studio ya Powerhouse Animation iliyopo Texas, Marekani.

Iliingia Netflix Julai 7, 2017. Ina misimu 4 na vipindi 32:

- Msimu wa 1 (2017): vipindi 4
- Msimu wa 2 (2018): vipindi 8
- Msimu wa 3 (2020): vipindi 10
- Msimu wa 4 (2021): vipindi 10

Kisa chenyewe

Tupo Wallachia, sehemu ya Romania ya leo, karne ya 15. Lisa anakwenda kwenye ngome ya Dracula kujifunza sayansi ya tiba. Wanapendana, wanaoana, na yeye anaendelea kutibu wanakijiji. Mwaka 1475 askofu anakuta vifaa vyake vya maabara na kuamua kuwa huyu ni mchawi. Lisa anachomwa hadharani mjini Târgoviște. Dracula anawapa watu mwaka mmoja, kisha anawatumia jeshi la viumbe wa usiku.

Wanaompinga ni watatu. Trevor Belmont ni muwindaji wa mazimwi. Sypha anatumia moto na barafu kama silaha. Wa tatu ni Alucard, mtoto wa Dracula na Lisa mwenyewe. Soma jina lake kinyumenyume, utaelewa.

Ukiangalia vizuri msimu wa kwanza, tuhuma zimejaa kote. Ukoo wa Trevor ulitengwa kwa madai ya nguvu za giza. Watu wa Sypha wanasingiziwa kuleta balaa kwenye mji wa Gresit, na kundi la watu linataka kuwaua.

Kwa nini inatuhusu

Hapa Usukumani, kwa miaka mingi vikongwe wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na "ushahidi" mara nyingi ni macho mekundu tu. Macho hayo yana maelezo rahisi: moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, kwenye jiko lisilopitisha hewa, kwa miaka na miaka. Mtoto akiugua au ng'ombe wakifa, mpiga ramli anamtaja bibi wa jirani. Mambo yanaanzia hapo. Januari 2015, wakati watu wenye ualbino nao wakiuawa, serikali ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli.

Hata hofu ya wanyonya damu si ngeni Afrika Mashariki. Enzi za ukoloni watu walinong'ona kuhusu mumiani, na hata wafanyakazi wa zimamoto walishukiwa kuchukua damu za watu.

Tofauti ni kwamba Lisa alikuwa na mume mwenye jeshi. Bibi wa kijijini hana Dracula wa kumlipizia. Na katuni yenyewe haimpi Dracula haki: kisasi chake kinaua hata watu ambao hawakuwepo siku mkewe anachomwa. Ndiyo maana mwanawe anasimama dhidi yake.

Sauti za Afrika

Isaac, mmoja wa wasaidizi wa Dracula, kaigizwa sauti na Adetokumboh M'Cormack, mzaliwa wa Sierra Leone. Kwenye mwendelezo, Castlevania: Nocturne (2023), tunahamia Ufaransa wakati wa mapinduzi. Humo yumo Annette, aliyekuwa mtumwa kwenye koloni ambalo leo ni Haiti. Sauti yake ni ya Thuso Mbedu wa Afrika Kusini. Msimu wa pili wa Nocturne ulitoka Januari 2025.

Kabla hujabonyeza

Usiwawekee watoto kwa kudhani katuni zote ni zao. Hii ina mauaji ya kutisha, matusi na matukio ya kimapenzi. Kama bando ni dogo, pakua kwanza sehemu yenye Wi-Fi. Anza na vile vipindi vinne vya kwanza: unavimaliza kwa jioni moja, na kisa cha Lisa kipo kwenye kipindi cha kwanza kabisa.