Kreni za Minara na Ugomvi wa Anga la Jirani

Mwaka 2024 ulitimiza miaka 75 tangu mjenzi Mjerumani Hans Liebherr alipotengeneza kreni ya mnara iliyoitwa TK 10 huko Kirchdorf an der Iller, na simulizi za kumbukumbu hiyo zimempa sifa anayoistahili, kwa kuwa mashine yake ilisafirishwa na kusimamishwa kwa urahisi katika nchi ambayo miji yake ilikuwa imebomolewa na vita. Kumwita mvumbuzi wa kreni za minara, hata hivyo, ni kuwadhulumu waliomtangulia, kwani kampuni ya Julius Wolff ya Heilbronn ilizitengeneza kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Jambo ambalo simulizi hizo hulipita kimya ni kwamba aina ya kreni inayosimama juu ya mji haikuamuliwa na wahandisi peke yao, bali pia na majirani waliokwenda mahakamani.

Aina mbili kuu hutofautiana kwa mkono, yaani boriti ndefu inayobeba mzigo. Katika aina ya kwanza mkono umelala sawia na ardhi, na toroli hukimbia kwa urefu wake ikiupeleka mzigo mbali au karibu na mnara, huku mkono mfupi wa nyuma ukibeba vitalu vya zege vya kusawazisha. Katika aina ya pili mkono wenyewe huinuliwa na kushushwa, na kwa kuinuka huko ndiko mzigo unakosogea karibu. Mkandarasi huanza kwa kuuliza ni uzito gani unyanyuliwe kwa umbali gani, kwa sababu tani 2 kwa mita 50 ni sawa na tani 4 kwa mita 25 katika nguvu ya kuupindua mnara, na kwa hesabu hiyo pekee mkono wa kulala ndio unaopendelewa, kwa kuwa ni mwepesi kuendesha na gharama yake ni ndogo. Tatizo huja kazi inaposimama. Usiku, au upepo unapozidi, breki ya kuzungukia huachiwa ili mkono ufuate upepo badala ya kushindana nao, kwa hiyo kreni hudai duara zima la anga, na katikati ya mji sehemu kubwa ya duara hilo huwa juu ya mali ya watu wengine.

Ugomvi wa kwanza wenye jina ulizuka Northampton, Uingereza, ambako mwenye jengo aliishtaki kampuni ya ukandarasi ya Richard Costain kwa sababu mkono wa kreni ulikuwa ukipita juu ya paa lake. Mahakama ilikubali mwaka 1969 kwamba huko ni kuingilia ardhi bila idhini na ikatoa zuio, lakini ikaahirisha utekelezaji wake hadi kazi iwe imekwisha, jambo lililomwachia mdai ushindi wa jina tu. Miaka 18 baadaye, karibu na Tower Bridge jijini London, wamiliki wa Anchor Brewhouse na majirani wao waliifufua hoja ile ile dhidi ya kampuni iliyokuwa ikiujenga upya uwanja wa jirani, nayo ikajitetea kwamba hakuna aliyeumia na kwamba fidia ingetosha. Jaji Scott alikataa. Alitenganisha ndege inayopita juu kabisa, ambayo haimpunguzii mwenye ardhi matumizi yake ya kawaida, na chombo kilichosimikwa kiwanja cha pili kikaning'inia juu ya mali ya mtu. Hakufuata njia ya kuahirisha, akatoa zuio lenye nguvu mara moja. Kuanzia hapo mwenye kiwanja chembamba aliyenyimwa ruhusa na jirani alibaki na mkono wa kuinuka, ambao ukiachwa umeinuliwa karibu na mnara duara lake huwa dogo, ingawa ni ghali zaidi.

Hukumu hizo zinafaa kusomwa pia Nairobi na Dar es Salaam, ambako mahakama zilirithi misingi ya sheria ya Kiingereza na huweza kuzitumia kama mwongozo usiofunga, na ambako katika mitaa kama Kariakoo kuta za majengo mawili karibu zinagusana.

Kwa upande wa mashine zenyewe, baadaye zilienea kreni zisizo na kichwa cha mnara juu ya mkono, ambazo kadhaa huweza kupangwa kwa vimo tofauti katika uwanja mmoja bila kugongana. Pamoja na hayo, Uingereza, nchi iliyolinda anga la mwenye mali kwa uthabiti huo haikuwalinda vivyo hivyo wapita njia. Mwezi Septemba 2006 kreni ilianguka Battersea, London, baada ya boliti za sehemu yake ya kuzungukia kukatika, ikamuua mwendeshaji na mtu aliyekuwa akiosha gari lake, na kampeni ya waliofiwa na wenzao ikazaa kanuni za mwaka 2010 zilizomlazimu mwajiri kuandikisha kila kreni ya mnara wa kawaida. Mapitio ya Profesa Ragnar Löfstedt ya mwaka 2011, yaliyoagizwa na serikali ili kupunguza mzigo wa kanuni kwa wafanyabiashara, yalipendekeza zifutwe, na mwezi Aprili 2013 zikafutwa, kabla hata kesi ya vifo vya Battersea haijamalizika.