Kazi ya Bohari: Kisa cha Fauld, 1944

Ndugu wanafunzi wenzangu wa zamani, na ninyi wadogo zetu mlio bado madarasani: tulipofundishwa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, tulikariri majina ya majemadari na aina za ndege. Hakuna mtihani uliotuuliza bomu lililobebwa na ndege lilitoka wapi, na nani alilitunza. Mimi, ambaye kazi yangu serikalini imenikalisha miaka mingi karibu na maghala na daftari zake, naona swali hilo lina uzito.

Mwaka 1938 Jeshi la Anga la Uingereza, yaani RAF, liliunda Kamandi ya Matengenezo. Chini yake, Kundi Namba 42 lilishughulika na silaha za kulipuka na mafuta. Mojawapo ya bohari zake ilikuwa ya Kikosi Namba 21 cha Matengenezo, huko Fauld, katika jimbo la Staffordshire. Bohari hiyo iliwekwa ndani ya mgodi wa jasi, chini ya ardhi, ili ndege za adui zisiifikie.

Mabomu yaliletwa kwa reli, yakaingizwa mgodini, yakapangwa, yakahesabiwa na kukaguliwa. Yenye kasoro yalitengenezwa. Yalipohitajika yalipelekwa kwenye viwanja vya ndege, na huko mafundi wa silaha waliyatia mikia na fyuzi. Mara nyingi walioendesha matrekta ya kuyakokota hadi kwenye ndege walikuwa wasichana wa kikosi cha wanawake. Ndege moja ya Lancaster iliweza kubeba bomu la kilo 1,800 pamoja na mamia ya mabomu madogo ya moto. Piga hesabu ya ndege mia kadhaa kwa usiku mmoja, ndipo utakapoona ukubwa wa kazi ya watu hawa wasiotajwa.

Jumatatu tarehe 27 Novemba 1944, saa 5 na dakika 11 asubuhi, bohari ya Fauld ililipuka. Tani zipatazo 3,500 hadi 4,000 ziliripuka kwa pamoja. Shamba la Upper Castle Hayes, lililokuwa juu ya mgodi, lilitoweka na watu wake. Bwawa la maji lililokuwa karibu lilipasuka, na tope likakifunika kiwanda cha jasi pamoja na wafanyakazi. Watu wapatao 70 walikufa, wakiwamo askari, raia na mateka wa Kiitalia waliokuwa wakifanya kazi humo. Shimo lililobaki lina kina cha mita 30 hivi.

Chanzo kilitangazwa hadharani mwaka 1974, miaka 30 baadaye. Inaelekea kwamba mfanyakazi mmoja alikuwa akitoa kilipuzi katika bomu zima kwa kutumia tindo ya shaba. Kanuni ilimtaka atumie kipande cha mti, kwa kuwa mti hautoi cheche.

Ni rahisi kumlaumu mwenye tindo na kufunga jalada. Lakini uchunguzi ulionyesha pia kwamba wafanyakazi hawakutosha, kwamba nafasi moja ya msimamizi ilikuwa wazi kwa mwaka mzima, na kwamba mateka 189 wasio na uzoefu walikuwa wakifanya kazi mgodini. Sisi tulio maofisini tunaijua nafasi iliyo wazi: huonekana kama mstari mtupu tu katika orodha ya watumishi, na mwezi hupita, na mwaka hupita. Kule Fauld kanuni ilikuwapo, imeandikwa. Aliyekosekana ni mtu wa kusimama kando ya kazi na kusema, "Weka tindo hiyo chini."

Wakazi wa Dar es Salaam hawahitaji kuelezwa maana ya bohari ya silaha kulipuka. Waliisikia Mbagala tarehe 29 Aprili 2009, na Gongo la Mboto tarehe 16 Februari 2011. Kwa hiyo kisa cha Fauld kisisomwe kama habari ya Wazungu wa zamani.

Mwaka 1990 liliwekwa jiwe la ukumbusho pale ukingoni mwa shimo, jiwe jeupe lililotoka Italia. Vijana, wengi wenu hamtakuwa marubani. Mtakuwa watunza ghala, makarani, wakaguzi na wasimamizi. Siku mtakapokabidhiwa funguo na daftari, jueni kwamba mmekabidhiwa na maisha ya watu.