Tuuzunguke Mji wa Unguja

 

Katika Zaburi ya 48 watu wanaalikwa wauzunguke mji wao na kuutazama vizuri, kusudi wapate la kuwasimulia wale watakaozaliwa baadaye. Mwaliko huo ni mwema. Lakini wengi wetu tukitembelea mji wenye sifa hutazama juu tu, kwenye minara na roshani, kisha tunarudi nyumbani na picha nzuri bila habari kamili. Leo nawaomba tuuzunguke mji mmoja, na kwa kila jengo tuulize swali moja: gharama yake ililipwa na nani?

Mji huo ni Unguja, sehemu ile iitwayo Mji Mkongwe. Karibu mwaka 1840, Seyyid Said bin Sultan alihamisha makao ya enzi yake kutoka Muscat, kule Omani, akayaweka Unguja. Tangu hapo kisiwa hiki kikawa na mji mkuu wa dola iliyotawala pwani yetu pia: Lamu, Malindi, Mombasa na kwingineko. Hata Dk. Krapf, mmishonari wa kwanza wa Kiprotestanti katika nchi yetu, alipitia Unguja mwezi wa Januari 1844. Alipewa barua ya kumtambulisha na Seyyid Said mwenyewe, ndipo akaenda kukaa Mombasa. Kwa hiyo tunapoingia Unguja hatuingii mji wa watu wengine. Mengi yaliyoamuliwa hapa yaliwapata babu zetu.

Mwendo si mrefu. Asubuhi moja yatosha. Basi vaeni viatu vyepesi, twende.

Tuanzie Forodhani, kwenye bustani iliyo ukingoni mwa bahari. Mbele yetu pana ngome yenye kuta nene za rangi ya udongo. Hiyo ni Ngome Kongwe. Wareno walikuwa na kanisa mahali hapa. Baada ya Fort Jesus ya Mombasa kuanguka mwaka 1698 na Wareno kufukuzwa katika sehemu hii ya pwani, Waomani walijenga ngome hii juu ya kiwanja kile kile, na mabaki ya kuta za kanisa yamo ndani yake hadi leo. Baadaye ngome ilitumiwa kuwa gereza. Siku hizi watu hukaa humo kusikiliza taarabu na ngoma. Kanisa, ngome, gereza, uwanja wa muziki: mawe ni yale yale, lakini wenye funguo wamebadilika mara nyingi.

Jirani na ngome lipo Beit el Ajaib, yaani Jumba la Maajabu. Seyyid Barghash bin Said alilijenga mwaka 1883. Lilikuwa na nguzo za chuma, roshani pana pande zote, taa za umeme na hata lifti, wakati ambapo karibu pwani nzima ililala gizani. Seyyid Barghash hakujijengea majumba tu. Aliwaletea watu wa mji maji safi kwa mifereji kutoka chemchemi za nje ya mji, na kwa hilo anastahili heshima.

Lakini tuulize swali letu. Fedha za jumba hili zilitoka wapi? Zilitoka katika ushuru wa forodha, na ushuru ulitoka hasa katika karafuu na pembe za ndovu. Karafuu zilichumwa na watumwa katika mashamba ya Unguja na Pemba. Pembe zilitoka bara, mabegani mwa wapagazi, wengine wa mshahara na wengine watumwa.

Na pembe zile zilikwenda wapi? Nyingine zilikwenda Bara Hindi zikawa bangili. Nyingine zilivuka bahari hadi Uingereza na Marekani. Katika jimbo la Connecticut viwanda vilizikata zikawa vile vibao vyeupe vya piano ambavyo mpigaji hubonyeza kwa vidole. Wasikilizaji wangu, fikirini jambo hilo. Familia za Kikristo ziliketi sebuleni jioni zikiimba nyimbo za kumsifu Mungu, na chini ya vidole vya mpigaji palikuwa na pembe iliyofika pwani mgongoni mwa mtu. Hao waimbaji hawakumwona mtu yule, wala hawakuuliza habari zake.

Jumba la Maajabu lilisimama zaidi ya miaka 130. Tarehe 25 Desemba 2020, wakati wa kazi ya kulitengeneza, sehemu yake kubwa pamoja na mnara wa saa ilianguka, na watu 2 wakapoteza maisha. Tusifurahie anguko la nyumba ya mtu. Waliokufa hawakuwa masultani.

Tukiendelea kaskazini kando ya bahari twafika kwenye jumba la kifalme, ambalo sasa ni makumbusho. Mahali hapa, tarehe 27 Agosti 1896, palitokea vita ambavyo huhesabiwa kuwa vifupi kuliko vyote. Sultani alikuwa amefariki siku 2 kabla, na Khalid bin Barghash akakalia kiti bila idhini ya Waingereza. Manowari zikapiga mizinga asubuhi. Kabla ya saa moja kwisha mambo yalikuwa yametimia. Upande wa Khalid watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa Waingereza aliumia baharia mmoja. Khalid alikimbilia kwa balozi wa Wajerumani. Waliolala kifusini walikuwa zaidi askari, watumishi na watumwa wa jumba. Hapa pia swali letu linajibiwa.

Tupite sasa bandari ya Malindi, tufike Kinazini. Nyumba hii ya ghorofa ilijengwa karibu mwaka 1860 kwa ajili ya Sultani Majid. Mwaka 1866 David Livingstone alikaa humu akijitayarisha kwa safari yake ya mwisho. Hakurudi tena akiwa hai. Alikufa mwezi wa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, ambacho sasa kiko Zambia. Wenzake Susi na Chuma, pamoja na wengine, waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaubeba mwili wake miezi mingi hadi pwani. Mtu huyu aliandika sana juu ya ubaya wa biashara ya watumwa. Mwezi uliofuata kifo chake, soko la Unguja likafungwa. Hakupata kuisikia habari ile. Yuko mpandaji, tena yuko mvunaji, na si lazima wakutane.

Sasa tuache bahari nyuma, tufuate barabara inayopita Darajani. Zamani hapa palikuwa na hori la maji ya bahari lililotenga mji wa mawe na Ng'ambo. Upande huu walikaa matajiri katika nyumba za mawe. Upande ule walikaa maskini na watumwa katika vibanda vya udongo. Tukipita soko la Darajani, lenye samaki, ndizi na viungo, tunakata kuingia Mkunazini. Hapa naomba tutembee taratibu.

Mahali hapa palikuwa soko la watumwa. Watu walioletwa kutoka nchi za Ziwa Nyasa, Ziwa Tanganyika na kwingineko walipangwa kwa safu, wakakaguliwa meno na viungo kama ng'ombe, wakanadiwa na madalali. Mama aliuzwa huku na mtoto kule. Katika miaka ya 1860 maelfu kwa maelfu walipita Unguja kila mwaka, na tusisahau wale waliokufa njiani, ambao hawakuingia katika hesabu yoyote ya forodha.

Tarehe 5 Juni 1873 Seyyid Barghash, akishurutishwa na Waingereza waliotishia kukifunga kisiwa kwa manowari, alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara hiyo baharini, na soko likafungwa. Wamishonari wa Kianglikana wakapata kiwanja. Siku ya Krismasi ya mwaka huo huo wa 1873 liliwekwa jiwe la msingi la kanisa, na siku ya Krismasi ya mwaka 1877 ibada ya kwanza ikafanyika humo. Askofu Edward Steere ndiye aliyelisimamia jengo. Alikuwa mwanachuoni wa Kiswahili aliyeandika kitabu cha sarufi yetu na kukusanya hadithi za Waswahili. Paa alilifanya kwa saruji na matumbawe yaliyopondwa, bila mbao, na watu wengi walisema litaanguka. Halijaanguka. Inasimuliwa kwamba saa ya mnarani ilikuwa zawadi ya Seyyid Barghash, Mwislamu.

Ndani, karibu na madhabahu, sakafuni pana alama ya mviringo. Wenyeji huwaambia wageni kwamba hapo ulisimama mti ambao watumwa walifungwa na kuchapwa. Upo pia msalaba uliochongwa kwa mbao za ule mti wa Chitambo. Nje ya kanisa, katika shimo, mchongaji kutoka Uswidi alitengeneza mwaka 1998 sanamu za watu 5 waliofungwa minyororo shingoni. Mtu akisimama ukingoni anawatazama kutoka juu, kama wanunuzi walivyosimama. Ni vigumu kukaa hapo kwa muda mrefu.

Lakini katika kanisa hili yalitendeka pia mambo ya faraja. Mwaka 1864 Sultani Majid aliwatoa wavulana 5 watumwa akawapa wamishonari. Mmoja wao, John Swedi, alifanywa shemasi mwaka 1879. Na Cecil Majaliwa, Myao aliyetekwa akiwa mtoto, alipewa daraja ya kasisi hapa Unguja mwaka 1890, akaenda kuwahudumia watu wake kule kusini. Mtoto aliyepaswa kuitwa kwa bei aliitwa kwa jina.

Sasa, ndugu wasikilizaji, tutawasimulia nini watoto wetu?

Kwanza, tuwasimulie habari yote. Wako watu wanaoitumia habari ya soko hili kuwachukia jirani zao Waislamu au Waarabu. Mji wenyewe unakataa. Machifu wa bara waliuza watu. Waarabu na Waswahili waliongoza misafara. Matajiri wa Kihindi walikopesha fedha. Wafaransa walinunua watumwa kwa ajili ya mashamba ya visiwa vyao. Wakristo wa Ulaya na Marekani walinunua karafuu na pembe. Bendera ya Uingereza, ufalme wa Kikristo, ilitawala Unguja tangu 1890, lakini utumwa wenyewe haukufutwa kisheria mpaka 1897, na masuria walingoja hadi 1909. Fidia walipewa mabwana, si watumwa. Kwenye pwani yetu ya Kenya sheria ya kuufuta ilikuja mwaka 1907. Hakuna taifa wala dini inayoweza kusimama Mkunazini na kunawa mikono.

Pili, tuwasimulie kwamba habari hii ni yetu. Kule Mombasa wamishonari walianzisha Freretown mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Wajukuu wa watu hao ni Wakenya wenzetu, na wengine wao ndio waliotufundisha kusoma na kuomba. Mzee James Mbotela, wa ukoo huo, aliandika habari zao katika kitabu chake Uhuru wa Watumwa.

Tatu, lile swali tulilolichukua mjini tusiliache huko. Tulilete nyumbani. Msichana anayeamka saa kumi alfajiri kuwasha moto jikoni mwako, ambaye mshahara wake wa miezi 3 bado uko mfukoni mwako, ni nani kwako? Kijana aliyetolewa kijijini kwa ahadi ya shule, naye sasa anachunga mifugo yako bila kuiona shule, gharama ya mali yako analipa nani? Na yule wakala anayewapeleka vijana nchi za mbali kwa ahadi tamu, akiwanyang'anya pasipoti, tofauti yake na dalali wa Mkunazini ni ipi? Mtume Paulo alimwandikia Filemoni habari za Onesimo, akamwomba ampokee vile vile kama angempokea Paulo mwenyewe. Barua ile ni fupi sana, lakini iko nyumba ambayo haijaifungua.

Mwenye nyumba anaweza kuanza leo jioni. Amwite mtumishi wake kwa jina, ampe haki yake yote, tena ampe siku ya kupumzika na kwenda ibadani. Kazi hiyo haihitaji manowari wala mkataba.

Mungu Mwenyezi, aliyemwona kila mmoja katika safu zile za sokoni na kumjua kwa jina lake, atupe macho ya kuwaona walio chini ya paa zetu. Kwaherini, na amani ya Bwana ikae nanyi.