Upepo na subira: Silaha kuu za mwindaji wa kwenye kompyuta

MCHEZAJI anayeufungua kwa mara ya kwanza mchezo wa kompyuta uitwao theHunter: Call of the Wild hutarajia kufyatua risasi ndani ya dakika chache. Badala yake, anaweza kutembea porini nusu saa nzima bila kuona hata mkia wa mnyama.

Mara nyingi wanyama huwa walikuwapo. Ila walimwona, walimsikia au waliinusa harufu yake, wakatimka kabla yeye hajawatia machoni.

Mchezo huo ni kazi ya Expansive Worlds, tawi la kampuni ya Avalanche Studios ya Sweden. Ulitolewa Februari 2017 kwa ajili ya kompyuta, na baadaye mwaka huo huo ukaingia katika mitambo ya PlayStation 4 na Xbox One.

Mchezaji huanza na hifadhi mbili za kubuni: Hirschfelden, iliyochorwa kwa mfano wa misitu na mashamba ya Ujerumani, na Layton Lake, yenye sura ya kaskazini-magharibi mwa Marekani. Mwaka 2018 iliongezwa Vurhonga Savanna, inayouzwa kando, yenye mandhari ya kusini mwa Afrika. Humo wamo wanyama wasio wageni kwa msomaji wa Afrika Mashariki: nyati, nyumbu, ngiri, tandala, bweha na simba.

Kumtafuta mnyama

Hatua ya kwanza ni kusoma ardhi. Nyayo na kinyesi hung'aa kidogo ili mchezaji avione. Akivikagua, kifaa chake cha mkononi humweleza ni mnyama gani, alipita muda gani uliopita, alielekea wapi, na kama alikuwa akitembea au akikimbia.

Taarifa hiyo ya mwisho ndiyo inayopuuzwa zaidi. Nyayo za mnyama anayetembea zinafaa kufuatwa. Nyayo za anayekimbia zina maana kwamba ameshashtuka, na kumfukuza ni kumsukuma mbali zaidi. Afadhali kutulia kwanza.

Pili ni kujua ratiba. Kila aina ya mnyama ina saa zake za kunywa maji, kula na kupumzika, na hurejea katika maeneo yale yale. Mchezaji akiligundua eneo la namna hiyo, huandikwa katika ramani yake pamoja na saa zake. Tangu hapo hahitaji tena kuzurura. Huwahi na kusubiri.

Sauti nazo husaidia. Mnyama akilia, ramani huonyesha upande ilikotoka sauti. Mchezaji naye anaweza kutumia kifaa cha kuigiza mlio ili kumvuta mnyama, mradi achague kinachoafiki aina anayoiwinda.

Kumnyatia

Hapa ndipo wengi huharibu kazi. Jambo la kwanza la kutazama ni upepo. Ukivuma kutoka kwa mwindaji kuelekea kwa mnyama, hubeba harufu, na saa nzima ya kufuatilia nyayo hupotea kwa dakika moja. Mwindaji hana budi kuzunguka hadi upepo umpige usoni, hata kama njia itakuwa ndefu.

Baada ya upepo ni kelele na kuonekana, ambavyo vyote hupimwa kwa alama kwenye skrini. Kukimbia na kupenya vichakani huongeza kelele. Kuchuchumaa huipunguza, na kutambaa kwa tumbo huipunguza zaidi. Mnyama akiinua kichwa, simama palepale. Usiendelee mpaka arudi kula. Katika kundi, mmoja akishtuka, wote huondoka.

Kabla ya kufyatua, darubini humsaidia mchezaji kumtambua mnyama na kukadiria uzito wake. Wanyama wamegawanywa katika madaraja 1 hadi 9, na kila silaha ina madaraja yake. Risasi kubwa mno kwa mnyama mdogo hupunguza thamani ya windo. Shabaha inayofaa ni mapafu au moyo. Mnyama akijeruhiwa na kukimbia, matone ya damu hueleza ni sehemu gani iliyopigwa.

Gharama ya tamaa

Somo zito zaidi huja baadaye. Mchezaji aliyegundua mahali wanyama wanapokunywa maji hushawishika kuua kila anayefika. Mchezo huyahesabu mauaji hayo, na eneo hugeuka zambarau katika ramani. Shinikizo likizidi, wanyama hulihama eneo hilo, na ile alama iliyotafutwa kwa siku nyingi hufutika.

Ndiyo maana wachezaji wazoefu huua mmoja, wakaliacha eneo lipoe, wakahamia bonde jingine. Anayelenga windo la daraja la almasi, la juu kuliko dhahabu, fedha na shaba, huwaacha wengi wapite bila kuwagusa.

Katika mapori halisi udhibiti huo ni wa sheria: Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyamapori mwaka 1977, na Tanzania huuruhusu kwa leseni. Kwenye kompyuta hakuna askari wa wanyamapori wala mahakama. Adhabu ni ramani tupu, na mtaka yote hukosa yote.